Penseli ya Mlangoni

Jumatatu, 10 Novemba 1997

Treni ya jana imefika leo saa nne asubuhi. Magazeti yamo. Bara Leo nililopata ni la Jumapili ya tarehe mbili, siyo la jana. Nimelisoma lote mpaka tangazo la matairi. Habari yangu ya daraja hawakuitoa. Wametoa ya mwenzangu wa Sumbawanga, ya mbuzi mwenye miguu mitano!

Mvua tangu Alhamisi. Mke wangu anasema bati la jikoni limechoka. Nimesema nitaliangalia.

Nimekwenda Kawajense kutafuta chumvi nikakuta watu wamejazana mlangoni kwa Annonciata. Tena. Huyu ni fundi cherehani. Alikuja utotoni na wazazi wake kutoka Burundi, wakawekwa makazi ya wakimbizi ya Katumba, baadaye akaolewa hapa. Mwaka mzima huu kazi yake ya pili ni kupasua mifuko ya saruji, kugeuza upande msafi, kuandika habari kwa makapeni ya wino mweusi na kubandika mlangoni. Nani kafiwa. Ng'ombe wa nani hajaonekana. Mashine gani ya kusaga imekufa. Treni inakuja au haiji. Redio imesema nini kuhusu Burundi.

Chini ya kila habari anaacha nafasi, na penseli inaning'inia hapo kwa uzi wa cherehani. Anayetaka kuongeza anaongeza. Anayetaka kubisha anabisha. Ati ndiyo utaratibu wake.

Wino wake nausoma, nakiri. Nusu ya habari zangu za mwaka huu zimeanzia mlangoni pale, ingawa huko gazetini Dar es Salaam hawajui. Penseli siisomi. Nimefundisha miaka ishirini na sita, najua darasa likiachiwa penseli na ukuta kinachotokea.

Alhamisi, 13 Novemba 1997

Ofisi ya gazeti imetuambia sisi waandishi wa mikoani tutafute maafa ya mvua. Nchi nzima inaandika mafuriko, Mpanda tumekaa kimya kama hatunyeshewi.

Leo nimepata. Mlangoni kwa Annonciata, wino mweusi: Mzee Isidori wa Ilembo, mrina asali, aliingia porini upande wa Mpimbwe mwezi uliopita. Aliahidi kurudi tarehe moja. Hajarudi. Mto umejaa. Baiskeli yake imeonekana kivukoni, mwenyewe hayupo. Mwenye habari aandike.

Nimenakili yote chini ya mwavuli. Chini kulikuwa na penseli, mistari miwili mitatu imepinda. Nikafunga daftari.

Nyumbani niliandika kwanza kwamba anahofiwa kufa maji. Nikasoma. Nikaona imelegea. Mhariri hapendi hofu, anataka jambo lililokwisha tokea. Basi nimeandika afa maji. Umri nimekisia, sitini na mbili. Kufika Ilembo kwake ni nusu saa kwa miguu, lakini tope!

Posta nimengoja simu saa mbili. Laini mbovu, ikabidi nipaze sauti, A-FA MA-JI, mpaka foleni yote ikanyamaza. Karani akaniuliza kwa upole kama marehemu ni ndugu yangu. Nikamwambia hapana, ni habari tu.

Jumapili, 16 Novemba 1997

Misa ya kwanza. Yustina, mke wa Isidori, alikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili. Kaimba vizuri kabisa. Nikastaajabia moyo wake. Nilitaka kumfuata kumpa pole ila kulikuwa na watu wengi pale nje.

Mke wangu anasema Yustina haonekani mfiwa. Nimemwambia kila mtu na namna yake ya kuomboleza.

Ijumaa, 21 Novemba 1997

Imetoka! Ukurasa wa tatu, juu kulia. MRINA ASALI AFA MAJI MPANDA. Chini yake: Na Gelasius, Mpanda. Hawakupunguza hata neno. Nimeazima mkasi wa mke wangu, nimekata, nimebandika kwenye daftari langu la makato kwa uji wa sembe. Ni kato la arobaini na moja tangu nistaafu.

Nimevaa koti nikatoka. Sina haja ya kujidanganya humu — nilitaka kuonwa.

Kawajense walinyamaza nilipotokea. Nikadhani ni heshima. Kumbe Annonciata kabandika ukurasa wa tatu mlangoni, na pembeni yake ile karatasi yake ya wiki iliyopita, ya saruji. Hakuacha kushona. Aliongea mguu ukiwa kwenye kanyagio.

"Mwalimu, wino wangu umechukua, sawa, chukua tu. Mbona penseli umeiacha?"

Nikavaa miwani. Nikasoma penseli kwa mara ya kwanza. Nathanael, dereva wa lori la mpunga, ameandika kwamba amemwona Isidori kijijini Kasansa, mzima, kafikia kwa watu, anasubiri maji yapungue. Baiskeli aliiacha kivukoni kwa sababu hakuweza kuivusha. Chini yake mwandiko mwingine: Asante Nathanael, tumeshukuru Mungu, Yustina. Tarehe kumi na mbili. Siku moja kabla sijasimama pale na mwavuli wangu!

Nilisema nini? Nilisema gazeti lina taratibu zake, haliwezi kufuata kila mtu anayeshika penseli. Nilisema maneno mengi. Watu wakasikiliza kwa adabu, na adabu yao ikaniuma kuliko matusi. Annonciata akafika mwisho wa pindo, akakata uzi.

"Mimi nikikosea, kesho wananisahihisha hapa chini," amesema. "Wewe wanakusahihisha wapi?"

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nimemkasirikia sana yule mwanamke. Kato la arobaini na moja bado halijakauka vizuri, ukilisogeza linateleza.

Jumatatu, 24 Novemba 1997

Isidori amerudi jana kwa lori la Nathanael, na madumu matatu ya asali. Leo nimekwenda Ilembo. Kwa tope lile lile.

Nilijiandaa kugombezwa. Isidori hajui kusoma. Alinikaribisha kigoda, akaomba nimsomee lile gazeti. Hivyo nimemsomea mtu kifo chake, yeye ananisikiliza, mkono shavuni. Alinikatiza mara moja tu. Akasema hana sitini na mbili, ana hamsini na tisa. Nilipomaliza akacheka mpaka akakohoa. Akasema maji yale yalikuwa ya kutisha kweli, hapo nimepatia.

Yustina hakucheka. Alikuwa anachuja asali kwa kitambaa, taratibu.

"Mwalimu, gazeti hili linafika Tabora?"

Nikasema linafika. Tabora linafika mapema kuliko hapa.

"Lusia yuko Tabora," akasema.

Lusia ni binti yao wa pekee. Nilimfundisha darasa la tano — mrefu, mbishi, hesabu nzuri. Ameolewa huko, amejifungua mwezi wa tisa, mumewe yuko safarini Mwanza. Hakuwa hata na habari kwamba baba yake alichelewa porini, hawakutaka kumtia wasiwasi na mtoto mchanga. Nimewaambia huenda hakuliona. Gazeti lina kurasa kumi na sita, nani anasoma zote? Yustina alinifungia asali kwenye chupa, nikaipokea, nikaona aibu njia nzima.

Jumanne, 25 Novemba 1997

Posta tangu saa mbili. Nimempata mhariri saa tano. Nimemweleza kwamba Isidori yuko hai, nimekaa naye, nimekunywa naye chai.

Akaniuliza, kwa hiyo?

Nikasema tuandike masahihisho, hata mistari minne. Akasema wiki hii kurasa zote ni mafuriko, na zaidi ya hapo, mtu kuwa hai si habari. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekumbusha jambo tunalolijua sote. Akauliza kama nina vifo vingine. Nikasema laini inakatika. Ilikuwa haikatiki.

Karani wa posta amenisikia tena. Sasa anajua yote. Telegramu ya Lusia sikuituma, bado najiambia gazeti hakuliona.

Jioni habari imebandikwa mlangoni kwa Annonciata: reli imekatika mbele ya Katumba, maji yamebeba tuta. Treni kutoka Kaliua inaishia huko ng'ambo, abiria wanashuka na kutembea mpaka Katumba. Kutoka Katumba kuja huku ni miguu au baiskeli. Nimesoma wino, kisha nimesoma penseli. Penseli inasema simu ya stesheni nayo imekufa.

Alhamisi, 27 Novemba 1997

Yustina amekuja hapa asubuhi. Kanisalimia vizuri, kauliza hali ya mke wangu, halafu akanipa karatasi. Telegramu. Imetumwa kutoka Tabora juzi.

NIMESOMA GAZETINI HABARI YA BABA. NAONDOKA NA MTOTO. MSIZIKE BILA MIMI. LUSIA.

Nimesoma nimesimama. Msizike bila mimi! Mtoto wa miezi miwili na nusu, kwenye mvua hii, reli imekatika, kwa ajili ya maziko yasiyokuwepo. Kwa ajili ya neno moja nililoona limelegea.

Tumekwenda posta pamoja. Tumepeleka jibu, lakini nani atalipokea? Ameshaondoka. Nimeuliza kama redio inaweza kutangaza. Tangazo linapelekwa kwa barua au kwa mtu, na zamu yake ni wiki ijayo. Na Lusia atabeba redio gani njiani?

Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nimeogopa. Sijaogopa hivi tangu mwaka ule nilipomsahau mwanafunzi mmoja kwenye safari ya Sumbawanga.

Miguu yenyewe imenipeleka kwa Annonciata. Sikujua nitasema nini. Nilimpa telegramu. Akasoma, mguu ukatoka kwenye kanyagio, mashine ikasimama. Ni mara ya kwanza naisikia ile nyumba bila mashine. Hakunikumbusha chochote. Alivuta mifuko ya saruji kutoka chini ya meza akaanza kupasua.

Kaka yake Jean Bosco alikuwa pale. Huleta maharage kwa baiskeli kutoka Katumba, kibali chake cha kutoka makazini kinaisha kesho, kwa hiyo leo lazima arudi. Atabandika stesheni, sokoni, mlango wa kanisa, na pale njia ya kutoka relini inapoingia makazini. Nikasema vizuri sana, Annonciata aandike upesi.

"Mimi Lusia hanijui," akasema. "Jina analolijua ni lako, kalisoma gazetini. Andika wewe, mwalimu. Kwa wino."

Nikashika makapeni. Nikaandika kwamba kutokana na mawasiliano mabaya ya kipindi hiki cha mvua kulitokea kutoelewana kuhusu. Annonciata akasoma begani kwangu. Akanipa karatasi nyingine safi.

Mara ya tatu ndiyo imekuwa hivi:

LUSIA BINTI ISIDORI. BABA YAKO YUKO HAI, YUKO NYUMBANI ILEMBO. ALIYEANDIKA GAZETINI KWAMBA AMEKUFA NI MIMI. NILIANDIKA BILA KUULIZA. SI KWELI. KAA KATUMBA NA MTOTO, TUTAKUFUATA. MWALIMU GELASIUS.

Nimeandika sita. Mkono umechoka kuliko siku za mitihani. Ya mwisho nilipoimaliza nikaona nimeijaza mpaka chini, Annonciata akanirudishia — nafasi ya watu iko wapi? Nikaiandika upya, ndogo zaidi. Amemfungia kaka yake penseli nne na uzi. Jean Bosco kaviringisha karatasi tano, moja ya akiba, ndani ya mpira wa baiskeli, kafunga ncha zote mbili, kaondoka saa nane mchana. Ya sita iko mlangoni hapa Kawajense.

Ijumaa, 28 Novemba 1997

Hakuna jipya. Mvua.

Nimekwenda mlangoni mara tatu. Chini ya karatasi yangu watu wameandika. Mmoja: Mwalimu umefanya jambo jema. Mwingine, bila jina: Mbona hakwenda Ilembo kuuliza, ni karibu. Mwingine anauza jogoo.

Nimesoma yote. Huyo asiye na jina nimemsoma mara mbili.

Jumamosi, 29 Novemba 1997

Bati la jikoni limeachia. Nimeshinda juu ya paa na mke wangu ananielekeza kutoka chini. Afadhali. Nilikuwa na mahali pa kuweka mikono.

Toka juu ya paa barabara ya Katumba inaonekana kipande. Walipita watu wa baiskeli wawili, na mzee na punda. Basi.

Jumapili, 30 Novemba 1997

Sijaenda misa. Nimetumiwa mtu asubuhi kwamba natakiwa Kawajense, haraka.

Isidori na Yustina walikuwa wameshafika, wameketi kwenye benchi la wateja. Muuza mihogo mmoja kaingia mjini alfajiri akitoka Katumba, kaleta karatasi; usiku ule njiani hakukutana na mtu. Ilikuwa yangu, ile ya stesheni. Wameibandua na kuirudisha kwa sababu nafasi ya chini imejaa na jibu ni letu. Annonciata hakuisoma kwa sauti. Alinipa mimi. Nadhani alitaka nisome mwenyewe. Au aliona ni haki yangu, sijui.

Nimeandika hapa kama ilivyo, nisije nikapunguza neno:

Jumamosi saa tatu asubuhi. Mama mwenye mtoto mgongoni amefika kwa miguu kutoka relini. Amesoma hii mara mbili. Tumempa uji. Tumemwambia akae, barabara ni mbaya, wewe si umeambiwa ukae. Ameuliza huyu Gelasius ndiye yule yule wa gazetini? Tumesema ndiye. Akasema basi hajui amwamini yupi, wa kwanza au wa pili. Anasema huenda wameandika hivi ili asije na mtoto. Anakwenda kuona mwenyewe. Ameondoka. Mtoto hajambo. Ni mimi Spès, muuza uji wa stesheni.

Tangu jana saa tatu. Mtu mzima bila mzigo angefika jana hiyo hiyo jioni.

Yustina aliinamisha kichwa, akaanza kusali kwa sauti ndogo. Isidori akaomba nisome tena. Nikasoma tena. Jina langu sikuliruka.

Labda amelala kwa watu njiani, amesema Annonciata. Wako watu wema njia nzima ile. Yeye mwenyewe anawajua, akanitajia nyumba moja moja. Nikaona ananifariji, mimi niliyemkasirikia humu ndani ya daftari hili. Nikamwomba radhi. Akasema nimpishe, anataka kitambaa kilichopo nyuma yangu.

Nikasema nitakwenda mimi. Nitaifuata barabara mpaka nimpate, nitamweleza. Nilikuwa nimeshasimama. Isidori akaniangalia, bila hasira, jinsi alivyoniangalia siku ile nikimsomea.

"Wewe umekwisha mwambia, mwalimu," akasema. "Sasa twende akanione."

Naandika haya juu ya meza ya kukatia vitambaa wakati yeye anafunga kamba za viatu. Baiskeli yake bado iko mtoni, tutakwenda kwa miguu. Annonciata ametupa nailoni ya kumfunika mtoto na chupa ya chai. Tayari ameandika mlangoni kwamba tumetoka na njia tuliyoshika, na ameacha nafasi chini. Nathanael amepita sasa hivi. Anasema bonde la pili maji yamepanda juu ya barabara asubuhi hii, lori limerudi, na ng'ambo ya pili ameona watu wamesimama wanasubiri, wengi, kwa mbali, hakuweza kuwatambua. Nikamuuliza kama kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto. Akasema hawezi kusema kitu ambacho hakukiona.

Isidori amemaliza viatu. Amesimama mlangoni, ananisubiri mimi —